Kumwachia mtoto mwenye ulemavu ajitegemee: maswali ya wazazi wa Dar es Salaam

Majibu haya ni ya wazazi na walezi ambao watoto wao wana mtindio wa ubongo, mgongo wazi, ulemavu wa akili, usonji, kifafa, uziwi au uoni hafifu. Watoto hao sasa wanakua, lakini nyumbani bado wanafanyiwa kila kitu. Kumwachia mtoto si jambo la kuamka siku moja ukafumba macho na kumsukuma mlangoni. Kunafundishwa na kupimwa kama mazoezi ya viungo. Mkono wa mzazi ndio unaotangulia kutoka, kisha sauti. Jicho hutoka mwisho.

Tuanze akiwa na umri gani?

Alionao leo. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuchagua avae nguo ipi kati ya mbili, hata kama huchagua kwa kutazama tu. Wenye mgongo wazi ambao mikono yao ina nguvu na wanaelewa maelekezo, wengi wanaweza kuanza kujifunza kujitoa mkojo kwa katheta, yaani mrija mwembamba wa kutolea mkojo, wakiwa na miaka 6 hadi 8. Kuanzia miaka 12, daktari amuulize yeye kwanza. Wewe keti pembeni, uongeze pale tu alipoacha. Kijana ambaye hajawahi kujieleza kwa daktari hawezi kuanza siku ambayo kliniki ya watoto inamhamishia kwa watu wazima.

Nimfundisheje kazi moja mpaka aiweze?

Tuchukue kuoga kwa ndoo. Kwako ni tendo moja, kwake ni manane: kuvua nguo, kuchota kwa kata, kujimwagia, kupaka sabuni mikono, kifua, miguu, kujisuuza, kujifuta. Anza kumwachia kutoka mwisho. Mfanyie yote, ila kujifuta ajifute mwenyewe. Akiweza siku 3 au 4 mfululizo, mwachie na kujisuuza. Ukianzia mwanzoni, atachoka katikati na kazi utaimalizia wewe, naye atabaki na kumbukumbu ya kushindwa. Ukianzia mwisho, kila siku anayemaliza ni yeye.

Ukishamwambia la kufanya, nyamaza uhesabu kimoyomoyo hadi 10. Kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili, maneno huchukua muda kugeuka kuwa mwendo. Ukirudia agizo baada ya sekunde 3, unamkatiza alipofika na analazimika kuanza upya. Hapa ndipo wazazi wengi wema wanapokosea, kwa sababu ukimya unafanana na kumtelekeza.

Mambo mengine yanayoharibu: dada wa kazi anaanzia kichwani, bibi anaanzia miguuni, baba anamwogesha mwenyewe ili wawahi. Kubalianeni mpangilio mmoja na muuandike ukutani. Msifundishe saa 11 alfajiri wakati gari la shule linasubiriwa. Fundisheni Jumamosi, siku za shule msaidieni kama kawaida mpaka awe na kasi. Na kabla ya kusema hawezi, rekebisha mahali. Weka ndoo juu ya kigoda asiiname, zungushia kitambaa mpini wa kata unenepe kwa mkono usiokaza vizuri, weka kiti cha plastiki kilicho imara na mkeka wa mpira sakafuni. Akikwama wiki 2 kwenye hatua moja, hatua hiyo ni kubwa mno. Igawe.

Jikoni ni vivyo hivyo, ila anza na chakula kisicho cha moto. Akianza kutumia jiko, akae mahali ambapo sufuria haiwezi kumwagikia mapajani, hasa kama miguu haina hisia. Akiungua, mmwagieni maji baridi ya kawaida kwa dakika 20. Kama bomba halitoi, mimineni kwa jagi taratibu. Dawa ya meno, yai na mafuta havifai.

Anataka kupanda daladala peke yake. Si atapotea?

Hofu hii ina sababu, na dawa yake ni mazoezi. Chagua safari moja tu, yenye faida kwake, mfano kwenda kwa shangazi au chuoni, isiyohitaji kubadilisha gari. Jifunzeni saa 4 hadi saa 7 mchana, magari yakiwa hayajajaa. Kugombea mlango saa 12 asubuhi Mbagala au Gongo la Mboto ni somo la baadaye kabisa.

Safari 3 za kwanza keti naye, mwonyeshe rangi ya mstari wa gari, majina ya vituo yaliyoandikwa mbele, na alama 2 za kudumu kabla ya kituo chake: msikiti, kituo cha mafuta, daraja. Duka la kuhamahama halifai kuwa alama. Safari zinazofuata keti naye ukiwa kimya, yeye ndiye alipe na aseme "Shusha!" Kisha keti siti za nyuma kana kwamba hamjuani. Halafu mpandishe gari wewe, mtu anayemjua ampokee upande wa pili. Mwisho aende peke yake na apige simu mara 2, akipanda na akishuka. Usisonge mbele mpaka hatua ameiweza safari 5 bila kusaidiwa. Kwa wengine hii ni kazi ya mwezi, kwa wengine ya mwaka.

Kisha fanyeni mazoezi ya mambo yanayokwenda kombo, maana hapo ndipo watoto hukwama, wala si kwenye njia. Gari likikatisha ruti? Anashuka na wenzake, anasimama hapohapo kituoni, anapiga simu. Amepitiliza? Anashuka kituo kinachofuata, havuki barabara, anapiga simu. Konda hajarudisha chenji? Amebeba nauli kamili, kwa hiyo haimhusu. Simu imezima? Anakwenda kwa muuza vocha au mama lishe, si kwa mtu aliyemfuata yeye. Mvua kubwa ikinyesha haondoki; Jangwani pakifurika na barabara ikafungwa, hata mzoefu huchanganyikiwa.

Kuvuka barabara kufundishwe peke yake kabla ya hayo yote. Mtoto anayetazama magari tu atagongwa na bodaboda inayokuja upande usiotarajiwa. Asiyesikia aandike jina la kituo kwenye kadi ngumu amwonyeshe konda. Mwenye uoni hafifu atumie fimbo nyeupe hata kama anaona kidogo, kwa sababu fimbo inawaambia wengine. Mwenye kiti mwendo atapata urahisi zaidi kwenye mwendokasi, kwa kuwa vituo vyake vina njia za mteremko na sakafu ya kituo inakaribiana na ya basi. Hata hivyo nendeni kwanza mkajionee njia ya kufikia kituo chenyewe. Mara nyingi mtaro ndio kikwazo.

Dawa na kliniki nimwachie lini?

Polepole kuliko vyote, na kwa kukagua. Mwenye kifafa aanze kwa kupanga mwenyewe vidonge vya wiki nzima kwenye kiboksi chenye vyumba 7, wewe ukitazama. Akiweza mwezi mzima bila kukosea, ameze bila kukumbushwa, wewe ukague kiboksi usiku. Ajue kwamba kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na kwamba akibakiwa na dozi za siku 7 ndio wakati wa kwenda kuchukua nyingine. Mlango wa bafu aurudishie bila kufunga kwa komeo, na baharini asiogelee peke yake hata kama Coco Beach imejaa watu. Wenzake wafundishwe: mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, tazameni saa, degedege likizidi dakika 5 apelekwe hospitali. Binti anayetumia dawa iitwayo valproeti azungumze na daktari mapema, kwa sababu inaweza kudhuru mimba changa. Asiiache kwa uamuzi wake.

Mwenye mgongo wazi anahitaji saa. Katheta kwa kawaida ni mara 4 hadi 6 kwa siku, na kengele ya simu ndiyo imkumbushe, si mama. Kila usiku ajitazame matako na visigino kwa kioo kidogo. Eneo lililobadilika rangi na halirudi kawaida ndani ya nusu saa asilikalie tena mpaka lirudi. Akiwa kwenye kiti ajiinue kwa mikono au aegemee upande kila dakika 15 hadi 30. Kama ana mrija wa kutoa maji kichwani, ajue mwenyewe kusema: "Kichwa kinauma, natapika, nina usingizi usio wa kawaida, nipelekeni leo." Wewe hutakuwepo kila mara kuzisoma dalili hizo usoni mwake.

Na pesa?

Mpe kiasi kidogo kila wiki, siku ileile, na akikimaliza Jumanne usimwongeze. Hili linauma kulitazama, lakini ni somo rahisi kuliko vyote mjini hapa. Asiyejua kuhesabu anaweza kujifunza noti kwa rangi na kubeba bahasha zilizopangwa kwa matumizi. Namba ya siri ya pesa za simu asimpe mtu, wakala akiwemo, na laini ya biashara ndogo isiwe na fedha zote za nyumbani.

Naogopa watu watamdhuru, hasa binti yangu.

Unaogopa jambo halisi. Ila mtoto aliyezoeshwa kuguswa na kila mtu bila kuulizwa ndiye rahisi kudhuriwa. Anayemwogesha aseme kwanza, "Naomba nikuoshe hapa," asubiri jibu, hata kama jibu ni kuguna au kufumba macho. Mfundishe majina halisi ya sehemu za siri, maana "hapo chini" haisaidii mahali popote. Mfundishe hedhi kabla haijaja, kwa pedi halisi na nguo ya ndani halisi. Msichana mwenye ulemavu wa akili akionyeshwa mara nyingi anaweza kubadilisha mwenyewe.

Likitokea baya, akabakwa au kuingiliwa, asioge kwanza. Apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupokea simu za watoto bila malipo.

Wangu ana ulemavu mzito, hataweza haya.

Kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako. Ni pia kuamua. Anayelishwa anaweza kuamua aanze na ugali au mboga, na aseme ameshiba kwa kugeuza uso. Jibu hilo liheshimiwe. Wafundishwe watu wengine 2 au 3 kumlisha na kumgeuza kitandani, maana mtoto ambaye mama yake tu ndiye anamwelewa yuko hatarini siku mama akiugua.

Akifika miaka 18 kuna nini cha kushughulikia?

Kitambulisho cha NIDA kwanza, kwa sababu bila hicho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake. Kuna chuo cha ufundi cha watu wenye ulemavu Yombo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo yao. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa ndiye wa kuulizwa. Aende kijana, wewe umsindikize.

Bibi yake anasema namtesa. Na juzi kweli alianguka. Nirudi nyuma?

Mwite bibi siku ambayo mtoto anaweza, si siku anayojifunza, na umpe kazi yake mwenyewe: kuhesabu hadi 10 kabla ya kunyanyuka.

Kuhusu kuanguka, tafuta kwanza chanzo. Sakafu ilikuwa na maji? Viatu vimembana? Dawa ilirukwa? Rekebisha hicho, kisha rudi hatua moja tu. Kama ulikuwa umebakiza jicho, rudisha sauti kwa siku 4 au 5. Mkono uache mfukoni, isipokuwa ameumia.