Je, wajua kwa nini kivunja kioo cha gari hakifai kwenye ndege ndogo?

Mpwa wangu anasomea urubani. Likizo iliyopita alikuja Tanga na kidude cha kuning'iniza kwenye funguo: upande mmoja wembe wa kukatia mkanda, upande wa pili ncha ya chuma inayofyatuliwa na springi ili kuvunja kioo. "Mjomba, nikiwa na hiki ndani ya ndege si nimemaliza?" Nikamwambia wembe ni mzuri, lakini ile ncha haitamtoa mahali.

Kioo cha dirisha la pembeni la gari kwa kawaida hupashwa moto mkali kiwandani, kisha hupozwa ghafla kwa hewa. Ngozi ya nje huwa ngumu kwanza. Kiini kinapopoa baadaye hujivuta ndani na kuibana ile ngozi. Kioo kinabaki na nguvu iliyofungiwa, mithili ya upinde uliovutwa. Ncha ikikitoboa kidogo tu, nguvu yote hufumuka na kioo humwagika vipande vidogo vidogo kama chumvi ya mawe.

Madirisha ya ndege ndogo nyingi si kioo. Ni akriliki, plastiki angavu ileile wanayokata mafundi wa mabango. Ina uzito usiofika nusu ya kioo, ndiyo maana ndege zinaipenda. Haina nguvu iliyofungiwa ndani, kwa hiyo ukiitoboa hakuna kinachofumuka.

Tulikwenda Ngamiani kwa fundi mmoja wa mabango, akatupa kipande cha milimita 3, tukakipigilia kwenye fremu ya dirisha kuukuu. Mpwa akabonyeza kidude chake: tak! Tukasogea kutazama. Kidoti cheupe, kadiri ya punje ya mtama. Akabonyeza mara tano, vikawa vidoti vitano. Kisha nikachukua nyundo ya makanika. Pigo la katikati likanesa na kurudi. La karibu na kona, ambako fremu inaizuia akriliki isinese, likapasua ufa mrefu, na la pili likaangusha pande zima. Kingo zake zilikuwa kali kama kisu, kwa hiyo usijipenyeze kabla hujazing'oa au kuzifunika kwa koti.

Hapa panatakiwa uzito. Watengenezaji wa ndege ya Cirrus SR22 wameweka nyundo ya kawaida ya fundi, yenye kichwa kimoja bapa na kingine mviringo, ndani ya kiegemeo cha mkono katikati ya viti vya mbele. Ina aunsi 8, yaani kama gramu 227. Anayetafuta kifaa cha ndege yake aanzie hapo.

Lakini sisi wa pwani tuna jambo la ziada, maana ndege ndogo za hapa huvuka bahari kwenda Pemba. Ndani ya maji nyundo haina kasi. Maji huushika mkono. Kwa hiyo mlango hutangulia nyundo. Mwongozo wa ndege ndogo ya Cessna 172 unamtaka rubani afungue komeo za milango kabla ndege haijagusa maji, na mlango ukigoma kwa shinikizo, afungue dirisha maji yaingie hadi shinikizo la ndani na nje lilingane. Ni jambo gumu kulikubali moyoni, kuyaruhusu maji yaingie, lakini ndilo linaloufungua mlango. Na ajali ya majini si hadithi kwetu: Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na Bukoba, watu 24 kati ya 43 walinusurika. Marubani wote wawili walikuwa miongoni mwa marehemu 19.

Wembe wa mkanda nao una adabu yake. Ndege ikiwa imepinduka, unaning'inia kichwa chini. Tanguliza mkono mmoja kwenye dari ujizuie ndipo ukate, la sivyo utaangukia shingo.

Na nyundo isiachwe huru, kwani katika mgongano itaruka na kumpiga mtu. Ifungwe imara, mahali ambapo mkono wowote unaifikia bila kufungua mkanda.

Jioni nilimketisha mpwa wangu kitini, nikamfunga mkanda wa suruali kiunoni na kitambaa machoni, nyundo nikaifunga ubavuni mwa kiti. Mara ya kwanza alipapasa muda mrefu, akaishika upande wa kichwa. Tulirudia hadi giza likaingia, mkono wa kulia kisha wa kushoto, mpaka ukawa unatua moja kwa moja kwenye mpini.