Ukila, ukashiba: mzizi wa baraka ya Wayahudi baada ya chakula

Kila ninapofika sura ya nane ya Kumbukumbu la Torati darasani, pana mwanafunzi atakayeuliza: "Mwalimu, Wayahudi mbona wanaomba sahani zikiwa tupu?" Wengi wetu tuliolelewa kanisani tumezoea kufumba macho huku ugali unapoa, halafu tukishakula kila mtu anatafuta maji ya kunawa na kwenda zake. Mwanafunzi aliyetoka pwani hashangai sana, maana nyumbani kwao chakula huanza na Bismillahi na kuishia na Alhamdulillahi. Wayahudi nao hubariki kabla na hubariki baada. Lakini ukiwauliza marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, ni ipi kati ya hizo mbili iliyoamriwa na Torati yenyewe, watakujibu: ya baada.

Huwa naandika ubaoni maneno matatu ya Kiebrania: *ve'akhalta, vesavata, uverakhta*. Utakula, utashiba, utabariki. Ni Kumbukumbu 8:10, na aya inaendelea: "utambariki Bwana Mungu wako kwa ajili ya nchi njema aliyokupa." Hilo neno la tatu halihitaji kufafanuliwa sana kwa Mswahili. Shina lake ni b-r-k, lilelile lililotuletea *baraka* kupitia Kiarabu, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Kinachowasumbua wanafunzi ni mwelekeo wake: mtu anambariki Mungu? Ndiyo. Katika Biblia ya Kiebrania baraka huteremka na hupanda. Inayopanda ni sifa na shukrani.

Sasa aya hii isisomwe peke yake. Anza aya ya 7 uhesabu neno *eretz*, nchi. Nchi njema, nchi ya vijito vya maji, nchi ya ngano na shayiri na mizabibu na mitini na makomamanga, nchi ya mizeituni ya mafuta na asali, nchi ambayo hutakula mkate kwa uhaba, nchi ambayo mawe yake ni chuma. Ukifika aya ya 10 neno hilo limetokea mara saba. Na mazao yaliyotajwa nayo ni saba, asali ikieleweka kuwa ya tende. Sidhani kama ni bahati tu.

Halafu teremka mpaka aya ya 12. "Usije ukala, ukashiba," ukajenga nyumba nzuri ukakaa ndani yake, ng'ombe na kondoo wakaongezeka, fedha na dhahabu zikaongezeka, "moyo wako ukainuka, ukamsahau Bwana Mungu wako." Vitenzi viwili vya mwanzo ni vilevile: kula, kushiba. Kilichobadilika ni cha tatu. Mahali pa kubariki pamekaa kusahau. Na si hapo tu. Sura ya 6:11-12 inasema utakula na kushiba, basi jihadhari usimsahau. Sura ya 11:15-16, utakula na kushiba, jihadharini mioyo yenu isidanganyike. Sura ya 31:20, watakula, watashiba, watanenepa, watageukia miungu mingine. Kitabu kizima kinaiogopa shibe. Wahenga wetu walilisema hilo kwa maneno machache: shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Kwa mtazamo wangu huu ndio mzizi wenyewe wa ile sala. Mwenye njaa akikaa mbele ya chakula hahitaji kuamriwa kumkumbuka aliyempa. Tumbo lake linamkumbusha. Amri imewekwa pale kumbukumbu inapoanza kusinzia.

Marabi, hata hivyo, walikuja na usomaji wa namna nyingine, na ndio unaonukuliwa zaidi. Sala hiyo, *Birkat Hamazon*, ina baraka nne: ya Mungu alishaye ulimwengu, ya nchi, ya Yerusalemu, na ya Mungu "aliye mwema na atendaye mema". Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi, katika trakti (sehemu) iitwayo Berakhot, ukurasa wa 48b, inaikata aya ya 10 vipande kama fundi anayepima mbao. "Utabariki": hiyo ni baraka ya kwanza. "Bwana Mungu wako": huo ni mwaliko, wito ambao mmoja huwaitia wenzake wabariki pamoja wanapokula watu watatu au zaidi. "Kwa ajili ya nchi": baraka ya pili. "Njema": Yerusalemu. Kwa nini njema iwe Yerusalemu? Kwa sababu katika Kumbukumbu 3:25 Musa anaomba auone "mlima ule mwema, na Lebanoni", na marabi wanasema mlima huo ndio huo mji. "Aliyokupa": baraka ya nne.

Ukurasa huohuo unamnukuu Rabi Nahman akieleza kwa njia ya historia. Musa aliweka baraka ya kwanza mana iliposhuka, Yoshua akaweka ya pili walipoingia nchini, Daudi na Sulemani wakaweka ya tatu. Simulizi tamu, lakini nawaambia wanafunzi wasiichukue kama kumbukumbu za karani. Sioni pia kwamba sala ilizaliwa kwa kukata aya vipande. Naona watu walikuwa wakibariki baada ya kula tangu zamani, kisha wasomi wakarudi kwenye aya kutafuta kila baraka itundikwe kwenye neno gani. Kitabu cha Yubile, maandiko ya Kiyahudi ya karne ya pili kabla ya Kristo, kinamwonyesha Abrahamu akila, akinywa, kisha akimbariki Muumba. Na Didake, maandiko ya Wakristo wa mwanzo kabisa, sura ya 10, inafungua sala yake ya shukrani kwa maneno "baada ya kushiba". Hayo yote yalikuwepo kabla Talmudi haijakamilika.

Shibe yenyewe ni kiasi gani? Torati haikupima. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmudi inaufafanua, mmoja anasema anayestahili kuitwa kwenye mwaliko ni aliyekula mkate wa kiasi cha zeituni moja; Rabi Yehuda anasema kiasi cha yai. Hiyo si shibe ya mtu yeyote ninayemjua. Talmudi inalijua hilo, na ina kisa juu yake. Malaika walimwuliza Mungu: umeandika kwamba Wewe huinui uso, yaani hupendelei mtu (Kumbukumbu 10:17), mbona katika baraka ya makuhani kwenye Hesabu 6:26 unawainulia uso Israeli? Akawajibu: nisiwainulieje uso? Mimi niliwaandikia wale, washibe, ndipo wabariki. Wao wamejikaza mpaka kwenye kiasi cha zeituni na kiasi cha yai.

Baraka ya kabla ya kula haina aya kama hii. Marabi wanajaribu kuitoa katika Walawi 19:24, wanapima hoja, wanaiona ina matobo, na mwishowe wanasema ni mantiki tu: mtu asionje cha dunia bila kubariki. Wanaongeza fumbo zuri la Zaburi mbili. Ya 24 inasema nchi ni mali ya Bwana. Ya 115 inasema nchi amewapa wanadamu. Hazipingani, wanasema: ya kwanza ni kabla hujabariki, ya pili ni baada.

Na ile baraka ya nne? Wengi wao walikiri kwamba haitoki kwenye Torati. Iliwekwa Yavne, mji wa marabi, baada ya ngome ya Betar kuanguka mwaka 135, mwisho wa uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi ulioongozwa na Bar Kokhba. Waliouawa walikaa bila kuzikwa, na ruhusa ya kuwazika ilipotoka, marabi wakaweka maneno mawili: "aliye mwema", kwa kuwa miili haikuoza, na "atendaye mema", kwa kuwa ilipata makaburi. Kila ninapoisoma hunishangaza kwamba maneno ya mazishi yako mezani, yakifuata mkate.

Jinsi walivyopima uzito wa kila baraka inaonekana vizuri katika sheria ya vibarua, Berakhot 16a. Vibarua wanaofanya kazi kwa mwenye shamba, muda wao ni wa tajiri. Basi wanakula mkate wao bila baraka ya kabla. Wakimaliza wanasema mbili tu: ya kwanza kamili, na ya pili inaanza na nchi, Yerusalemu ikiingizwa humohumo. Ya nne wanaiacha. Ila kama malipo yao ni chakula tu, bila ujira, au kama tajiri mwenyewe ameketi kula pamoja nao, wanazisema zote kwa ukamilifu.