Wimbi pweke ndani ya mfereji wa bati

Mvua ikikoza Januari hapa Dodoma, korongo lililoamka likiwa mchanga mtupu laweza kuteremsha ukuta wa tope kabla ya adhuhuri. Kila mwaka wanafunzi wangu wa fizikia huniuliza kama ule ukuta ndio wimbi pweke. Hapana. Ukuta wa korongoni ukishapita, unaacha kina cha maji nyuma yake. Wimbi pweke ni nundu moja tu: likipita, maji hurudi kwenye kina chake cha awali, kama hakijatokea kitu.

Ili waone kwa macho, nilimwomba fundi bati wa Majengo anitengenezee mfereji wa mita 6. Tunajaza maji sentimita 10, tunasubiri yatulie kabisa, kisha mmoja anayasukuma kwa kibao mara moja. Nundu ya kama sentimita 2 inaondoka laini, bila povu, na haichukui sekunde 6 kufika upande wa pili. Kipande cha kizibo kinachoelea hakisafiri nayo. Kinasogezwa mbele kama upana wa kiganja, kinabaki hapo. Kinachosafiri ni umbo.

Mhandisi John Scott Russell aliliona umbo hilo Agosti 1834 kwenye mfereji wa Union karibu na Edinburgh, Scotland. Mashua iliyokokotwa na farasi ilisimama ghafla, na maji yaliyorundikana mbele yake yakaendelea na safari peke yake, kwa kasi ya maili 8 au 9 kwa saa. Alilifukuzia wimbi hilo kwa farasi kwa maili moja au mbili hadi likampotea. Baadaye alipata kanuni ya kasi yake: jumlisha kina na kimo cha wimbi, zidisha kwa mchapuko wa mvutano wa dunia, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa mfereji wetu jibu ni mita 1.08 kwa sekunde, na saa ya simu inakubali.

Kwa nini halitawanyiki? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kote. Nundu ni mchanganyiko wa mawimbi marefu na mafupi, na marefu hukimbia zaidi, hivyo ingepaswa kusambaratika. Lakini sehemu ya juu nayo hukimbia kuliko ya chini, ikitaka kuuinua mgongo wa mbele uwe mwinamo mkali. Moja linatandaza, jingine linakusanya, yakitoshana nguvu umbo linadumu. Wanahisabati wa Uholanzi, Korteweg na de Vries, waliandika mlinganyo wake mwaka 1895.

Maji yanayojaa kutoka baharini yakipanda mto Severn wa Uingereza, mara nyingi sehemu ya mbele hugawanyika kuwa msururu wa nundu za aina hii. Hewa nayo inaweza. Asubuhi za Julai mnaona moshi wa vijijini ukitanda bapa, haupandi: hewa baridi imelala chini ya ile ya joto. Tabaka la namna hiyo juu ya Ghuba ya Carpentaria, Australia, hubeba mawimbi yanayokunja wingu refu kama gogo, mamia ya kilomita. Mwaka 1976 watafiti Maxworthy na Redekopp walipendekeza kuwa hata Doa Jekundu, lile baka kubwa kwenye sayari ya Mshtarii (Jupita), ni wimbi pweke. Leo wengi tunaliona kuwa kimbunga.

Mwaka 1965 watafiti Zabusky na Kruskal walionyesha kwa kompyuta kwamba wimbi pweke la kimo kikubwa likilipita la kimo kidogo, kila moja hutoka na umbo lake. Mita 6 hazitoshi kwa mbio hizo, kwa hiyo tunayakutanisha uso kwa uso. Katikati ya bati maji huruka juu mara moja, kisha nundu mbili zinaachana, kila moja na kimo ilichokuja nacho.