Je, Wajua? Kwa Nini Sherehe ya Freddie Mercury Ilifutwa Unguja

Septemba 2006 mwimbaji wa kundi la Queen angetimiza miaka 60. Mgahawa wa Mercury's, ule wa ufukweni Malindi uliobeba jina lake, ukapanga sherehe. Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ikaja juu na kulalamika serikalini kwamba mwenendo wa mtu huyo, aliyejulikana kuwa shoga, unaitia doa Zanzibar ya Waislamu, na sherehe ikafutwa. Imekuwaje mtu aliyekwisha kufa miaka 15 nyuma, tena aliyeondoka visiwani akiwa kijana, azue zogo lote lile?

Tuanze na mwenyewe. Freddie Mercury, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kwa wazazi wa Kiparsi, yaani Wahindi wenye asili ya Uajemi. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu enzi za Mwingereza. Dini yao ilikuwa ya Zoroasta, kwa hiyo kumhukumu kama Muislamu aliyepotoka ni kumvisha kanzu isiyokuwa yake. Utotoni alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Feltham, pembeni mwa London.

Wapo wanaomwita mwanaharakati wa haki za mashoga. Mimi simo. Hakuongoza maandamano, wala hakupenda kuulizwa mambo yake ya ndani. Hata UKIMWI wake aliutangaza 23 Novemba 1991, akafa kesho yake. Harakati zilikuja nyuma yake, pale wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, na meneja wao Jim Beach walipoanzisha Mercury Phoenix Trust baada ya tamasha la kumkumbuka uwanjani Wembley, Aprili 1992. Mfuko huo hadi leo unagharimia mapambano dhidi ya UKIMWI, Afrika ikiwemo.

Zogo la 2006 basi lilikuwa la kwetu wenyewe. Aprili 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho ya sheria ya adhabu, na Rais Amani Karume akayatia saini Agosti. Marufuku ya mapenzi ya jinsia moja kwa wanaume ilikuwepo tangu ukoloni; safari hii wanawake nao walitajwa waziwazi. Wino wa sheria haujakauka vizuri, mtu anatangaza sherehe ya hadhara yenye jina lile! Nadhani hata bila Uamsho, wakubwa wangeona tabu kuitetea.

Biashara, lakini, haikuacha kulitumia jina hilo. Mapapasi, wale vijana wanaotembeza watalii, waliendelea kuwapeleka wageni kwenye nyumba zaidi ya moja zinazodaiwa kuwa ndimo walimokaa akina Bulsara, na Novemba 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani, kwa tiketi.

Jambo ambalo wengi hawalijui lilitokea 2007, mwaka mmoja tu baada ya sherehe kufutwa. Ulifanyika utafiti wa VVU Unguja kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume wenzao. Utawapataje watu ambao sheria inawasubiri? Huwezi kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Njia iliyotumika ni hii: wachache wa mwanzo wanahojiwa na kupimwa, kisha kila mmoja anapewa kuponi kadhaa awapelekee wale anaowajua. Mwenye kuponi anakuja kwa hiari, anapimwa, naye anaondoka na kuponi za wengine. Kuponi ina namba, haina jina.

Kwa njia hiyo walipatikana wanaume 509. Wenye VVU walikuwa asilimia 12.3, ilhali kwa Wazanzibari kwa jumla kiwango hakikufika asilimia 1. Na kwa kuwa wengi wa wanaume hao walikuwa na wanawake pia, hapakuwa na namna ya kusema hayo ni ya kwao peke yao. Mipango ya UKIMWI ya Zanzibar iliyofuata iliwataja kuwa kundi la kufikiwa, huku sheria ikibaki palepale.

Kama tunatafuta mwanaharakati wa Unguja, mimi ningeanza na wale waliozungusha kuponi mitaani, wakijua kwamba yeyote wanayemkabidhi angeweza kuwachongea polisi.