Heresy ya Lustmord: hofu yote imo kwenye ukubwa wa chumba

Nikiwatajia wenzangu wa studio hii albamu swali la kwanza huwa lilelile, kaka huo si ndo muziki wa mashetani? Na jina lenyewe, Heresy, yaani uzushi wa dini, halisaidii kabisa. Ila mi kazi yangu ni kumikisi, na nikiisikiliza kikazi naona vitisho vyote vya mule ndani vinatoka kwenye kitu cha kawaida sana ambacho ni ukubwa wa chumba.

Lustmord ni Brian Williams, mtu wa Wales, kazaliwa 1964, kaanza mwanzoni mwa miaka ya 80 kwenye ile jamii ya muziki wa kelele za viwandani kule Uingereza, akapitia na kundi la SPK la Graeme Revell. Heresy ikatoka 1990 chini ya lebo ya Soleilmoon ya Marekani: vipande sita visivyo na majina, namba tu, jumla saa moja na ushee. Hamna ngoma, hamna melodi ya kuimba ukiwa bafuni, hamna mashairi. Siku hizi tunauita daki ambienti, yaani muziki wa kiza wa kujaza hewa tu bila mapigo, lakini hilo jina limekuja kushika ndani ya miaka ya 90, albamu ishatoka.

Malighafi yake ndo utamu wenyewe. Williams alibeba mashine akaenda kurekodi chini ya ardhi, vyumba vya makaburi chini ya makanisa, mapango, migodi, mahandaki, akachanganya na sauti za mitetemeko ya ardhi na volkano. Sasa watu wanasikia "makaburi" wanafikiri kafata mizimu. Mi nasema kafata kuta.

Iko hivi. Sikio linapima chumba kabla hujafikiria chochote. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukipiga kofi na ukuta uko mita 17 mbele yako mwangwi wa kwanza unakurudia baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ubongo unasoma hiyo kitu hata ukiwa umefumba macho. Halafu hewa yenyewe inakula zile sauti nyembamba za juu, ila jiwe haliwezi kula besi, besi inagonga inarudi inagonga inarudi, ndo maana kwenye pango kubwa kinachobaki kinazunguka mwishoni ni mngurumo tu. Kuna matangi ya chini ya ardhi yanaitwa Inchindown, Scotland, yalijengwa kuhifadhi mafuta ya meli za kivita wakati wa vita ya pili, mtaalamu wa sauti Trevor Cox alifyatua bastola ya risasi baridi mle ndani akapima mwangwi kwenye hezi 125, yaani mitetemo 125 kwa sekunde, sauti ya besi, ukadumu sekunde 112. Karibu dakika mbili jamani, kwa mlio mmoja!

Na kuna ujanja mmoja wa sampla za miaka ile, zile mashine za kunasa kipande cha sauti na kukicheza upya, ambao mi naudaka kwenye Heresy kila nikiirudia. Ukicheza rekodi kwa nusu ya spidi, kama kaseti betri zikiisha, sauti inashuka oktavu moja nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini yake, na urefu unakuwa mara mbili, hiyo kila mtu anajua. Ambacho watu hawafikirii ni kwamba mwangwi nao unarefuka mara mbili, umbali wa kila ukuta unaongezeka mara mbili, yaani ulichorekodi kilikuwa chumba cha kanisa chenye mwangwi wa sekunde nne na sasa sikio linaambiwa ni chumba cha sekunde nane chenye kuta mbali maradufu, ukishusha tena oktavu nyingine ndo unafika kwenye jengo ambalo hakuna fundi wa dunia hii kalijenga. Ubongo unapima, unapata jibu lisilowezekana, na hapo ndo nywele zinasimama. Ukiweka juu yake mlio kama wa yale mabaragumu marefu ya watawa wa Tibet na sauti ya mtu anayenena kama anasoma dua huelewi neno hata moja, kazi imeisha, msikilizaji atajijazia ibada mwenyewe. Kwangu huo ni ufundi mkubwa kuliko kuimba jina la pepo.

Kuna wengine wanadai eti CD ina mawimbi yasiyosikika ya kumtia mtu wazimu. Hii stori ina chanzo chake: mwaka 1998 mhandisi Vic Tandy wa Coventry aliandika kuhusu maabara iliyokuwa inawatia watu baridi, mwenyewe akaona hadi kivuli cha kijivu pembeni, kuja kuchunguza ni feni inatoa mtetemo wa hezi 19, chini kidogo ya pale sikio la mtu linapoanza kusikia. Sawa, ila spika nyingi za nyumbani zinaanza kuishiwa pumzi kwenye hezi 50 au 40, hiyo 19 ataitoa nani? Kinachokutisha unakisikia kabisa.

Na kumfanya jamaa mchawi nako hapana. Ni kweli tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka 2006 alipiga laivu kwenye misa ya Church of Satan, lile kanisa la Shetani, huko Los Angeles, na rekodi yake ikatoka kwa jina Rising, lakini mi nikiitazama hiyo tarehe, sita sita sita, naona mtu anayefurahia mzaha. Kabla ya hapo alishahamia Marekani akawa anatengenezea filamu sauti, The Crow ikiwemo, na ukishaijua Heresy utaanza kuona filamu nyingi za kutisha zinakula kwenye sahani yake.

Kuisikiliza usitumie simu tupu, kile kispika hakifiki chini huko, utasikia upepo tu useme nimekudanganya. Tafuta hedifoni nzuri au spika zenye sabwufa, volyumu ya wastani. Na tafuta faili isiyobanwa, mp3 hafifu inaanza kwa kutupa vitu vidogovidogo inavyoamini huvisikii, ile mikia ya mwangwi, na humu bila mikia hiyo unabaki na kelele tu. Ukiipenda ingia The Word as Power ya 2013, ile ina waimbaji, ni rahisi zaidi kumpa mtu mgeni.