Skrubu za kiuno: roboti, mkono na maneno ya mtaani

Siku hizi mtu akiambiwa pingili zake za kiuno zitafungwa skrubu, anauliza mapema "mna roboti?", wakisema hawana anaona kama anapelekwa kubahatishwa.

Wengi wanadhani roboti ndo inapasua. Hapana bwana, nyingi zinaelekeza tu, mkono wake unasimama kwenye mstari uliopangwa kwa siti skani halafu anayetoboa na kukaza ni daktari, na ncha ya drili ikiteleza kwenye mteremko wa mfupa au pingili ikisogea baada ya kupimwa, roboti inaendelea kuonyesha palepale pa zamani, haina habari. 2012 Wajerumani waliwagawa wagonjwa 60 kwa kura, skrubu 298, zilizowekwa na daktari kwa mkono akiangalia eksirei zikakaa vizuri 93%, za roboti 85%. Ile ilikuwa mashine ya kizazi cha mwanzo lakini, tafiti za baadae nyingi zinaipa roboti matokeo sawa au bora, kwahiyo msiitukane.

Na "kwa mkono" siyo kupapasa gizani. Daktari anafuata alama za mfupa, anafungua njia, kisha anaingiza kijiti chembamba kugusa kuta zote kama ziko nzima ndo skrubu iingie. Uchambuzi wa 2007 wa skrubu zaidi ya 37,000 ulikuta bila navigesheni (kompyuta inayomwonyesha daktari kifaa chake kiko wapi kwenye picha za mfupa) zinakaa sawa kama 90%, na navigesheni kama 95%. Tofauti ipo, ila mi naona inalipa zaidi kwenye mgongo uliopinda au uliowahi kupasuliwa.

Eti skrubu ikichungulia nje ya mfupa umepooza! Inategemea imetokea wapi na kwa kiasi gani. Watafiti Gertzbein na Robbins walitoa kipimo 1990, ikitoka chini ya milimita 2 kwa kawaida inahesabiwa salama. Shida ni upande wa ndani na chini, mzizi wa neva unapita hapohapo. Uti wa mgongo wenyewe, yaani ile kamba ya neva iliyo ndani ya pingili, kwa watu wazima wengi unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwahiyo huko chini kinachoguswa ni neva, utasikia mguu unawaka au unyayo haunyanyuki.

Kuhusu mionzi, navigesheni inamwokoa zaidi daktari, maana siti skani ikizunguka yeye katoka nje, mgonjwa kabaki mezani na anaweza kupata mionzi mingi kuliko kwa eksirei za kawaida.