Hila: kugeuza bila kusema uongo

Katika kazi yangu ya kamusi naulizwa mara kwa mara kama hila na udanganyifu ni kitu kimoja. Hapana. Jaribu mwenyewe: tunasema "macho yamenidanganya" au "mawingu yametudanganya", wala hakuna anayeshangaa. Sasa sema "macho yamenifanyia hila". Sikio linakataa palepale. Macho hayana nia, na pasipo nia hakuna hila. Ndiyo maana nasikitika kila ninapokuta fasili imeandikwa "hila: udanganyifu", basi.

Neno tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi h-w-l wenye maana ya kugeuka na kubadilika. Ndugu zake tunao midomoni kila siku: hali; hawala, yaani fedha inayohama mkono hadi mkono; na muhali, yaani jambo lisilowezekana. Hata lahaula tunayoitoa tukishtuka imo humo, kwani haula ni uwezo. Na huko kwa Waarabu si lazima hila iwe mbaya. Ni mbinu, njia ya kujinasua. Aya ya 98 ya Surat An-Nisaa inawataja wanyonge wasioweza hila, na hao ni watu wa kuhurumiwa. Katika karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad, Banu Musa, waliandika kitabu cha hila, na humo hamna utapeli: ni chemchemi, taa na vyombo vya maji vinavyojiendesha. Mimi nalipenda sana neno katika umri wake huo.

Kiswahili kimeliegemeza upande wa giza. Injili ya Yohana inapomsifu Nathanaeli kwamba "hamna hila ndani yake", hakuna msomaji anayewaza chemchemi.

Lakini mzizi haukufa. Mtu anauza gari. Ameliegesha ubavu uliobonyea ukiwa ukutani, ubavu mzima ukikutazama wewe. Unamuuliza injini, anakujibu kweli. Tairi, kweli. Mwaka, kweli tupu. Hajatamka uongo hata mmoja. Amegeuza gari tu, akijua kwa nini amegeuza. Ukimwita mwongo atakushinda kwa hoja. Ukisema amekufanyia hila, hana pa kukimbilia.

Kwa hiyo katika fasili ninayoiandika, makusudi yanatangulia. Uongo unafuata, kama upo.